Matini Bila Isnadi: Uhakiki wa Maandishi ya Mashine katika Utafiti wa Lugha za Ijara

Utangulizi

Tangu mwezi wa Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma, mtafiti wa lugha amepata msaidizi asiyechoka wala kulala. Msaidizi huyo hufupisha makala, huandika ikisiri, husahihisha Kiingereza cha mwandishi, hupendekeza marejeo, na akiombwa huandika makala mazima toka utangulizi hadi hitimisho. Wanaistilahi hawajaafikiana juu ya jina lake: wako wasemao akili bandia, wako wasemao akili mnemba, na wako wapendeleao akili unde. Ubishi huo una faida yake, lakini si mada ya makala haya. Makala haya yanashughulikia zao la akili hiyo, yaani matini inayotolewa na mashine na kuingizwa katika mawasiliano ya kitaaluma, na yanauliza swali moja: matini ya namna hiyo ihakikiwe kwa kipimo gani?

Wengi waliokwisha kulijibu swali hili wametumia kipimo cha ukweli na uwongo: mashine ikisema kweli itumiwe, ikisema uwongo isahihishwe. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi. Itajaribiwa kuonyeshwa hapa kwamba kasoro kubwa ya matini ya mashine ni kukosa isnadi, yaani mlolongo wa watu ambao kwao habari imepokewa, na kwamba kasoro hiyo hubaki hata pale matini inapokuwa sahihi. Mfano uliochaguliwa ni Ijara, kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi juu ya lugha zake ni machache mno. Pili, wenyeji wake wana mapokeo ya kale ya kumtaja mwenye kauli kabla ya kuitoa kauli yenyewe.

Ijara katika maandishi

Ijara iko kusini mwa Kaunti ya Garissa, kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia, na kwa upande wa kusini inapakana na Kaunti ya Lamu. Mji wake mkuu ni Masalani. Wakazi walio wengi ni Wasomali wafugaji. Katika msitu wa Boni na pembezoni mwake wako Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, watu ambao riziki yao ya kale ilikuwa uwindaji na kurina asali, hadi msitu wao ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1976 na uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote mwaka 1977. Ukielekea mtoni husikika Kiorma na Kipokomo. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya mapatano baina ya wasioelewana kwa lugha nyingine.

Hali ya maandishi ya lugha hizi hailingani. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, na tangu hapo kimeandikwa kwa wingi, ingawa maandishi hayo aghalabu ni ya Mogadishu na Hargeisa, si ya wafugaji wa Ijara. Kiaweer kinategemea kazi za watafiti wachache sana, na kati yao Bernd Heine ndiye mashuhuri: makala yake ya mwaka 1977, yaliyoandikwa kwa Kijerumani, uchunguzi wake wa mwaka 1978 juu ya historia ya Kirendille, Kiboni na Kisomali, na kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya lahaja za Kiboni. Baada ya hapo mtu aweza kuzihesabu kazi kubwa za isimu zilizoongezwa kwa vidole vya mkono.

Kinyume chake, Ijara imeandikwa sana kwa Kiingereza katika mambo mengine. Iko akiba kubwa ya taarifa juu ya hirola, swala adimu ambaye hifadhi ya jamii ya Ishaqbini iliundwa kwa ajili yake. Ziko taarifa za homa ya Bonde la Ufa, na ziko habari za usalama, hususan baada ya operesheni ya Linda Boni kuanzishwa mwaka 2015. Mtu aisomaye Ijara kwa maandishi tu huiona kama nchi ya swala, maradhi na askari. Wenyeji humo hutajwa kama wakazi, wanufaika au waathirika. Ni mara chache wanatajwa kama wasemaji. Hayo ndiyo maandishi yaliyolishwa mashine.

Neno moja na safari yake

Uzito wa jambo hili waonekana katika historia ya neno moja. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini-mashariki ya Kenya, na wilaya za Garissa na Ijara zilikuwa miongoni mwa zile zilizopigwa mwanzo na kwa ukali. Nchini Kenya watu zaidi ya 100 walikufa, na hasara ya mifugo ilikuwa kubwa. Baadaye watafiti walikwenda kuwauliza wafugaji wameona nini. Matokeo yalichapishwa na Jost na wenzake mwaka 2010. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wamezitambua dalili za ugonjwa pamoja na vitangulizi vyake, mvua nyingi na makundi ya mbu, na walikuwa wameyaona hayo kabla maonyo ya kimataifa hayajatolewa. Ugonjwa wenyewe waliuita sandik, yaani pua yenye damu, na walikumbuka kwamba sandik ilikuwa imeonekana mara ya mwisho mwaka 1997 na 1998, kipindi kilekile kinachotajwa na wataalamu wa tiba kuwa cha mlipuko uliotangulia.

Kwa mwanaisimu neno hili lina utajiri wa ziada. Sehemu yake ya kwanza ni san, pua, na ya pili ni dhiig, damu. Ni neno la pua hilohilo, katika umbo lake la kale alilolikisia kuwa *sam, ambalo Heine (1978) aliliteua kuwa jina la kikundi kizima cha lugha kinachojumuisha Kirendille, Kiboni na Kisomali, yaani lugha za Sam. Katika neno moja la mfugaji, basi, zimekutana elimu ya mifugo, kumbukumbu ya miaka na historia ya ukoo wa lugha.

Neno hilo liliingiaje katika maandishi? Liliingia kwa sababu kuna mtu aliyekwenda, akauliza, akaambiwa na watu waliokuwa mahali fulani wakati fulani, akaandika kwamba hao ndio waliosema. Laiti watafiti wangeridhika na kilichokwisha kuandikwa wakati ule, wasingelikuta. Hili si kusema kwamba vyombo vya utabiri vilikosea. Utabiri uliotegemea setilaiti nao ulifanya kazi yake. Ni kusema tu kwamba maarifa yaliyotangulia yalikuwa vinywani, na kwamba njia pekee ya kuyafikia ilikuwa ni kumwendea mwenye kinywa.

Mashine na pengo

Mashine ya lugha haimwendei mtu. Hujifunza kutokana na matini nyingi mno ni neno gani hufuata neno gani, kisha hutunga matini mpya inayofanana na zile ilizosoma. Bender, Gebru na wenzao (2021) waliifananisha na kasuku anayeunganisha maneno kwa kubahatisha. Huenda mfano huo ukaonekana mkali, hasa kwa kuwa mashine zilizofuata zimefunzwa kutafuta habari mtandaoni, kuonyesha chanzo, na mara nyingine kukiri kutojua. Hata hivyo mfano huo umeshika jambo la msingi: ufasaha wa mashine hautokani na ujuzi wake wa jambo linalozungumzwa. Mtu asiyejua husitasita, hurudia, hunyamaza. Msikilizaji hupima ujuzi wake kwa kusita kwake. Mashine yaweza kuandika juu ya mji usioujua kwa utulivu uleule inaoandikia juu ya London.

Ulimwengu wa taaluma ulilionja jambo hili mapema. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa Galactica, mashine iliyofunzwa kwa mamilioni ya makala ya kisayansi ili iwasaidie watafiti. Baada ya siku tatu iliondolewa machoni pa umma, kwa kuwa ilikuwa ikitunga mambo yasiyokuwapo na kuyatungia marejeo, pengine ikiyabandika majina ya wataalamu walio hai. Mwaka uliofuata mawakili wawili wa New York walitozwa faini baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezizua.

Uzushi wa namna hiyo juu ya jambo lililoandikwa sana hugunduliwa upesi, maana mashahidi ni wengi. Kuhusu Kiaweer mashahidi wa maandishi hawajai chumba. Aidha, Kiaweer na Kisomali ni ndugu wa karibu, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mashine iliyosoma Kisomali kingi na Kiaweer kidogo, ikiombwa mfano wa Kiaweer, itavutwa kuziba pengo kwa umbo la Kisomali. Umbo hilo litapendeza macho na litaonekana kuwa la kweli kwa sababu lugha hizi hufanana. Lakini kwa mwanaisimu linganishi thamani yote iko katika tofauti ndogondogo: konsonanti iliyobaki huku na kupotea kule, kiambishi kilichosahauliwa na ndugu mmoja na kuhifadhiwa na mwingine. Hoja za Heine zimejengwa juu ya tofauti hizo. Umbo moja la kubuni likiingia katika ushahidi kwa jina la Kiaweer, si kosa la neno moja tena. Ni shahidi wa uwongo katika kesi ya ukoo mzima.

Isitoshe, makala ya leo ni chakula cha mashine ya kesho. Shumailov na wenzake (2024) walionyesha kwamba mashine zikifunzwa kwa mazao ya mashine nyingine, kizazi baada ya kizazi, ujuzi wao hupungua, na kwamba yaliyo nadra ndiyo hutoweka kwanza. Kwa hesabu za mashine, Ijara ni nadra. Mradi wa tafsiri wa Meta wa mwaka 2022 ulijumuisha lugha 200, zikiwamo Kiswahili na Kisomali, Kiaweer hakimo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika zama hizi hali imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu asiyekuwapo huweza kusemewa.

Isnadi

Wanavyuoni wa hadithi walikumbana na tatizo la jinsi hii karne nyingi zilizopita: kauli nyingi, zenye ufasaha, zinazofanana na za kweli. Ufumbuzi wao ulikuwa kuigawa kila hadithi sehemu mbili. Ya kwanza ni isnadi, mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani; ya pili ni matini, kauli yenyewe. Matini yenye kupendeza haikukubaliwa kwa uzuri wake. Kila mpokezi aliulizwa: aliishi lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, uaminifu wake ulijulikana na nani?

Isimu ya Kiswahili imelichukua neno matini na kuliacha isnadi. Kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Neno la Kiarabu lililoingia katika uhakiki wa Kiswahili kama maudhui ndilo hilohilo ambalo wanavyuoni walilitumia kwa hadithi iliyozuliwa, iliyowekwa tu na mtu kinywani mwa Mtume. Yaani neno moja laweza kumaanisha jambo linalozungumzwa na jambo lililobuniwa. Kinachotenganisha maana hizo mbili ni kuwapo au kutokuwapo kwa wapokezi.

Mapokeo haya hayako madrasani tu. Andrzejewski na Lewis (1964), katika uchunguzi wao wa ushairi wa Kisomali, walieleza kwamba anayeghani shairi la mwingine hupaswa kumtaja mtunzi kabla ya kughani, na kwamba kuacha kumtaja huhesabiwa kuwa ni kosa. Ushairi huo ulienea jangwani bila karatasi, kinywa hadi kinywa, na hata hivyo jina la mtunzi lilisafiri pamoja na beti zake. Hii ni sheria ya taaluma iliyokamilika. Mfugaji asiyejua kusoma aliweza kuwa mwangalifu wa marejeo kuliko makala mengi yaliyojaa tanbihi.

Kanuni za majarida

Kwa kipimo hiki kanuni zilizowekwa na majarida makubwa zaweza kuhakikiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba mashine haiwezi kukubaliwa kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kubeba wajibu wa kazi, na kwamba matumizi yake yaelezwe. Kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilitoa msimamo wa aina hiyohiyo mwaka huohuo. Kanuni hizi ni njema. Zimezuia upuuzi wa kuandika jina la programu kando ya majina ya watu, na zimeuacha mzigo mabegani mwa anayestahili kuubeba.

Lakini zimejibu nusu ya swali. Zinauliza: nani ameandika? Haziulizi: nani alisema? Mtafiti aweza kuzitimiza zote, akatangaza kwa uaminifu kwamba ametumia mashine kupanga mifano na kufupisha maandishi, na bado akachapisha sentensi kumi za Kiaweer ambazo hakuna Mwaaweer aliyezisema. Kanuni haikuvunjwa, msemaji tu ndiye aliyekosekana.

Jitihada za kuwanasa watumiaji wa mashine kwa kutumia mashine nazo zimeleta dhuluma. Liang na wenzake (2023) walijaribu programu saba za utambuzi kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Msomi wa Garissa aliyefikiri kwa Kisomali, akasomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza, akaandika sentensi fupi zilizonyooka, yuko hatarini kushtakiwa kwa unyofu wake. Chombo cha namna hiyo hupima mtindo, na mtindo si isnadi.

Deni la wanataaluma wenyewe

Haitakuwa haki kuitwika mashine lawama yote. Kitendo cha kumwondoa msemaji katika matini kilianzwa na wanataaluma. Ni makala mangapi ya isimu na fasihi simulizi ambamo imeandikwa tu kwamba mzee mmoja alisema, au kwamba data ilikusanywa kutoka kwa wenyeji? Mtafiti ana jina, mfadhili ana jina, chuo kina jina. Aliyeketi chini ya mti akitoa maneno siku tatu huitwa mtoa habari nambari 4. Mashine imejifunza desturi hiyo na kuifikisha mwisho wake. Yenyewe pia imejengwa kwa jasho lisilotajwa: gazeti la Time lilieleza mwezi wa Januari 2023 jinsi vibarua jijini Nairobi walivyokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga matini za kutisha ili ChatGPT ipate adabu.

Hapana budi ikubaliwe kwamba kuficha jina kuna sababu zake. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inamtaka mtafiti achunge habari za mtu binafsi, na katika eneo lenye matatizo ya usalama kama Ijara jina likitajwa ovyo laweza kumponza mwenyewe. Lakini kufichwa si kufutwa. Jina laweza kutunzwa na wadhamini, likaandikwa katika daftari la hifadhi pamoja na mahali, tarehe na ridhaa, wakati makala yanatumia alama tu. Isnadi hiyo imesitiriwa, lakini ipo, na mwenye haki aweza kuifuata hadi kwenye chemchemi. Na yule atakaye atajwe, kama mshairi wa Kisomali atakavyo, asinyimwe jina lake kwa kisingizio cha kumlinda.

Faida isiyopaswa kukataliwa

Wako watakaosema kwamba hoja hizi zitamnyima mtafiti maskini chombo cha bei nafuu. Pingamizi hilo ni zito. Chuo Kikuu cha Garissa kilipata hati yake mwaka 2017. Mwanafunzi wake atakaye kusoma makala ya Heine ya mwaka 1977 hana haja ya kungoja mpaka ajue Kijerumani. Mashine yaweza kumfungulia mlango, na akipata shaka atamtafuta ajuaye. Mwalimu aliyerekodi saa ishirini za masimulizi ya Kisomali aweza kuisaidia mikono yake kwa programu ya kunakili sauti, kisha akairudia nakala pamoja na msimuliaji. Katika kazi hizo mashine ni karani. Isnadi haikatiki, kwa kuwa karani huandika kilichosemwa na aliyesema yupo.

Mpaka, basi, hauko kati ya kutumia na kutotumia. Uko kati ya mashine inayoshughulikia kauli yenye mwenyewe na mashine inayotoa kauli isiyo na mwenyewe.

Hitimisho

Yatokanayo na uhakiki huu ni machache na yanatekelezeka. Mhariri wa jarida la lugha asikubali mfano wowote wa lugha isiyo na maandishi mengi bila kuonyeshwa umetoka kwa nani, wapi na lini, au umetoka ukurasa upi wa kazi ipi. Mfano uliotolewa na mashine, ukihitajika kwa ajili ya kuijadili mashine yenyewe, uwekewe alama katika kila mahali unapotokea, kama nyota inavyowekwa mbele ya umbo la kale lililokisiwa, ili msomaji wa baadaye, awe mtu au mashine, asiudhani kuwa ushahidi. Rekodi za sauti ziwekwe karibu na waliozitoa, mahali ambapo wajukuu wao waweza kuzisikiliza na kuzisahihisha. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa serikali wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji. Mkakati wa taifa wa akili bandia uliozinduliwa mwezi wa Machi 2025 hautautimiza wajibu huo kwa upande wa Kiaweer ikiwa hakuna atakayekwenda Ijara na kinasa sauti.

Heine alipoandika nyota mbele ya *sam alikuwa akimwambia msomaji: umbo hili halikusikika kwa yeyote, limekisiwa. Mfugaji aliyesema sandik hakuhitaji nyota; ng'ombe wake walikuwa mbele yake wakitoka damu. Taaluma ya lugha imesimama juu ya uwezo wa kuzitenga kauli hizo mbili. Matini ya mashine hufika mezani kwa mhariri ikiwa haina nyota wala haina msemaji, na kabla haijaulizwa kama ni nzuri, sharti iulizwe imetoka kwa nani.